Mistari Miwili Iliyofutwa

3 Februari 1993

Kimya mwanangu,

Barua yako ilinikuta nimekaa kwenye ngazi za nyuma, maana mke wa mwanangu alikuwa anapiga deki jikoni na siku hiyo hataki kuona unyayo wa mtu. Niliisoma pale pale, koti mwilini, skafu hadi puani. Baridi ya huku ni kama mgeni asiyejua kuaga. Unalala ipo, unaamka ipo.

Umeniuliza juu ya yule baba mwenye duka la vyuma, aliyekuja kukufokea kwa sababu barua ya nusu mwaka kuhusu mwanawe ilikuwa na habari za paa linalovuja, basi. Anataka kujua mtoto wake anafanya nini mchana kutwa katika nyumba isiyo na kengele wala darasa. Namwelewa. Lakini usimlegezee. Mwambie kwa adabu zote kwamba alipomleta kijana alisomewa kanuni zetu akaitikia kwa kichwa. Mtu mzima hafundishi mpaka aombwe. Na hakuna barua itakayotoka kwenda kwa mzazi kuhusu kijana kabla kijana mwenyewe hajaisoma na kufuta asichokitaka. Kama mwanawe amefuta yote akabakisha paa, basi baba na mwana wana mazungumzo yao, si yangu wala yako.

Najua una roho laini. Ulipoacha ualimu wako wa fizikia ukaja kuungana nami kwenye jengo la kupigia chapa la marehemu mume wangu, pamoja na wale vijana waliofukuzwa au waliozikimbia shule zao, ulikuwa huwezi kumwona mtoto amekaa bure bila kumpa hesabu. Kila saa "umekula?", "umeelewa?", "unaumwa?" Nilikwambia huo ni ugonjwa wa walimu, nawe ukapona. Vijana wakakupa jina la Kimya siku ulipojifunza kunyamaza. Ni jina la heshima, lishike.

Na mjukuu wangu asipewe upendeleo. Tangu mama yake afariki mimi ndiye mzazi wake, basi nihesabiwe na wazazi wengine. Ukiandika habari za Waya, asome kwanza. Nitapokea kitakachobaki.

Pasi ya ukimbizi niliyopewa huku imepigwa muhuri kwamba ni halali kwa nchi zote isipokuwa ile niliyotoka. Mara nyingine naifungua na kuitazama, kama mtu anayesoma ratiba ya magari yaendayo kila mahali ila kwao.

Wasalimie wote,
Bibi

*

27 Februari 1993

Shikamoo Mama,

Nimemwambia baba wa duka la vyuma kama ulivyosema. Akasema atafikiri. Kesho yake akaja kumwondoa kijana. Kijana alilia langoni, akamwambia baba yake mbele yetu sote, "Ningejua, ningekuandikia hata uongo."

Habari nyingine ni za kawaida. Baraza la Jumatatu lilimaliza asubuhi nzima kwa ajili ya birika lililoungua. Mwenyekiti wa mwezi huu ni yule msichana mfupi wanayemwita Jaji. Alivua kiatu akagonga meza nacho. "Kila mtu anakunywa, hakuna anayeosha. Hii ni nyumba au ni kituo cha basi?" Wakapitisha kwamba anayetaka chai alinde moto mwenyewe. Kufika jioni birika likaungua tena, na aliyelisahau ni Jaji. Amejitoza faini.

Waya sasa amehamia karakana kabisa, kule chini ilipo mashine ya chapa. Ameifufua redio ya jirani yetu fundi cherehani, na amepewa jora la kitambaa asilojua la kulifanyia. Sasa anaifungua gramafoni ya kukoroga ya marehemu mzee. Nilimwona anashika bisibisi vibaya nikauma ulimi, kwa kuwa hajaniomba.

xxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxx
xxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxx

Anakula vizuri. Anakusalimu.

Wako,
Kimya

Nimeisoma. Mistari miwili nimeipiga x mimi mwenyewe kwa taipureta. Habari ya ulimi wake nimeiacha, inachekesha. Waya.

*

20 Machi 1993

Mke mwenzangu Waya,

Acha nikiri. Niliibandika barua ya Kimya kwenye kioo cha dirisha nikajaribu kusoma chini ya zile x. Ndiyo, mimi niliyeitunga kanuni! Umezipiga kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Mke wa mwanangu akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia nina mjukuu anayejua mlango wake uko wapi na funguo anaziweka wapi.

Sijawahi kukueleza vizuri kanuni ile ilitoka wapi. Nilikuwa na umri wako. Mwalimu wangu wa darasa, mtu mwema kabisa, alimwandikia baba yangu bila kuniambia kwamba ninaonekana na kijana fulani baada ya masomo. Alidhani ananilinda. Kijana yule alikuwa ananiazima vitabu, ana kikohozi, na hajawahi kunishika hata kidole. Baba hakuniuliza. Nilitolewa shule siku ya Ijumaa, na kabla ya mwaka kuisha nilikuwa mke wa mtu. Babu yako aligeuka kuwa mume mzuri, lakini hiyo ilikuwa bahati, na bahati siyo malezi. Niliporudi darasani nilikuwa na watoto watatu. Nikasema, siku nikiwa na nyumba yangu ya vijana, hakuna mtu atakayemwandika mtoto wa mtu nyuma ya mgongo wake.

Kwa hiyo siulizi kilichoandikwa. Nauliza kitu kingine kabisa. Ni nani? Mistari miwili, umri wako, na Kimya anayeona haya hata kutaja soksi. Hiyo si habari ya redio. Mrefu? Mfupi? Meno yote yapo? Kumbuka mimi ndiye mke mkubwa, nina haki ya kumkagua.

Akupendaye,
Bibi

*

14 Aprili 1993

Shikamoo mke mkubwa,

Haya, umenikamata.

Ni mrefu. Akicheka ni kama jenereta linalokataa kuwaka. Meno yote yapo, ila moja limekaa upande kama limekosana na wenzake. Usimwandikie Kimya kuhusu yeye, atajifanya hajui na uso wake utamwumbua.

Gramafoni bado. Springi yake ukiinyoosha ni ndefu kuliko chumba, na imejikunja ndani ya kopo lake ikiwa na hasira za tangu Babu yuko hai. Siku hizi silehemu jioni, nangoja mchana. Nimesogeza meza yangu dirishani. Jaji anasema nimekuwa kuku, nageuza kichwa kila nikitaka kutazama kitu. Nimemwambia bora kuku kuliko kobe, maana yeye hana shingo kabisa.

Bibi, nina swali la kisayansi, usicheke. Ulipokuwa na presha ulikuwa unasema unaona nyota. Ulikuwa unaziona kwa macho yote mawili au kwa jicho moja? Na zilikwisha zenyewe? Kuna mwenzetu hapa anakusanya maswali ya ajabu.

Mjukuu wako,
Waya

*

2 Mei 1993

Kimya mwanangu,

Sitaki unijibu kuhusu hili, nafurahi tu na sina wa kumwambia. Mwenzetu amependa! Ameniandikia habari za kijana mrefu mwenye jino la upande, na wewe najua unamjua, ndiye wa ile mistari miwili. Usimkabili. Usimchunguze. Mtoto aliyeachwa afute asichotaka ndiye huyo huyo anayesema mwenyewe kwa hiari yake miezi miwili baadaye. Ningependa yule baba wa duka la vyuma aione barua yake.

Tena amekuja na ujanja. Eti "swali la kisayansi": nyota nilizokuwa naziona wakati wa presha, ni za macho mawili au jicho moja, na zilikwisha zenyewe? Eti anamwulizia mwenzake. Nimemjibu kwamba wenye presha huziona kwa yote mawili, na wanaoziona kwa jicho moja ni wale waliopenda, kwa sababu la pili wamelifumba. Nilicheka hadi mwanangu akagonga ukuta.

Mfukuze Jaji jikoni kabla hajawaunguza.

Bibi

*

10 Juni 1993

Mama, shikamoo.

Barua hii Waya hajaisoma. Naiandika kwa mkono kwa sababu taipureta inasikika hadi juu.

Hakuna kijana mrefu. Hakuna kijana yeyote.

Mistari miwili ilisema hivi: "Juzi springi ya gramafoni ilimruka ikampiga jicho la kushoto. Limekuwa jekundu, anasema haliumi, hataki hospitali." Alipoisoma aliniambia, "Bibi akijua atanihamishia kwa shangazi, kwenye sare na kengele. Na baraza litafunga karakana." Nikamwambia jicho ni lake na neno ni lake, na akitaka kwenda nitamsindikiza saa yoyote. Nakumbuka nilijisikia nimesema vizuri. Baada ya wiki wekundu ulikwisha, nami nikaacha.

Kuanzia Machi alianza kuhamisha taa. Akahamisha meza. Akawa anageuza kichwa. Siku moja aliweka kikombe pembeni mwa meza, mahali pasipo na meza, kikavunjika, akacheka na wenzake wakacheka. Nilikuwepo. Niliyaona yote hayo na nilikuwa nasubiri aniombe.

Barua yako ya nyota ilifika Mei. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikashuka karakana, nikamkuta anachambua waya za spika. Nikamwuliza jicho likoje. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwuliza tangu siku ile. Aliziba jicho la kulia kwa kiganja, akanitazama, akasema, "Nakuona miguu, Kimya. Viatu vyako vichafu."

Daktari ametueleza kwamba utando wa nyuma ya jicho ulichanika, ukaanza kubanduka polepole kama karatasi ya ukutani. Zile nyota zilikuwa onyo. Tungekwenda siku hizo, angeweza kuliokoa. Akauliza, "Nani mkubwa wake hapa?" Nikasema ni mimi. Akatazama nyuma yangu, kama vile kuna mtu mwingine anakuja.

Amefanyiwa upasuaji mara mbili. Jicho linajua mchana na usiku, zaidi ya hapo hakuna. La kulia ni zima.

Nilikwenda posta kukutumia telegramu. Nilisimama na kalamu, na kila nilipoyapunguza maneno yalitoka kama tangazo la kuuza kitu. Nikairarua ile karatasi.

Waya amenikataza nisikuandikie. Anasema atakuandikia mwenyewe akiwa tayari. Safari hii sikungoja. Sijui kama nimefanya sawa, lakini sikungoja.

Kimya

*

28 Juni 1993

Kimya,

Kumbe unajua kuvunja kanuni. Umeivunja jicho lilipokwisha kufa. Hongera.

Mwanangu aliniuliza kuna nini, nikaanza kumsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye viatu vyako nilimpa karatasi amalizie mwenyewe.

Wewe ulikuwa naye chini ya paa moja. Mimi niko upande wa pili wa muhuri. Kanuni ilisema usimfundishe mpaka akuombe. Haikusema usimwone! Ilisema usimwandikie mzazi wake kwa siri. Ilisema wapi kwamba usimshike mtoto mkono ukampeleka hospitali, alie, agome, akutukane hadi mlangoni? Mtu asiyesoma hata neno moja angemshika mkono. Fundi cherehani angemshika. Umekimbia kazi ya kuwa mtu mzima, ukaiita heshima.

Kuhusu kicheko changu usiniandikie. Najua nilichomjibu mtoto.

Jengo ni langu, hati ina jina langu. Lifunge. Lifunge ukimaliza kusoma hapa. Vijana warudi kwao na Waya aende kwa shangazi yake. Usiitishe baraza, siombi ruhusa ya baraza lolote.

Bibi

*

22 Julai 1993

Mama, shikamoo.

Nimefunga.

Kabla ya kufunga niliitisha baraza. Ulinikataza, nami nikaliitisha. Niliwasomea barua yako yote, na yale uliyonitukana sikuyaruka. Jaji alivua kiatu ili agonge meza, halafu akabaki amekishika tu. Akaniuliza, "Bibi anaweza kufunga bila sisi kupiga kura?" Nikamwambia anaweza, jengo ni lake. "Tangu lini?" Nikamwambia tangu mwanzo. Wakatazamana. Mama, nyumba ilifungwa pale. Kufuli lilikuja baadaye.

Hata hivyo walipiga kura nyumba isifungwe. Mikono yote ilikuwa juu, pamoja na ya yule mdogo ambaye kila wiki anapinga kila kitu. Wameniomba nikuandikie matokeo, basi nimekuandikia. Kisha wakabeba vitu vyao. Mmoja aling'oa bawaba za kabati alilotengeneza mwenyewe kwa sababu kabati lilikuwa halipiti mlangoni. Lilitengenezewa ndani, hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba siku moja litatoka.

Unasema nimekimbia kazi ya kuwa mtu mzima. Nakubali neno hilo, sina pa kulipeleka. Lakini uliponikuta nilikuwa na kazi hiyo. Nilikuwa mtu wa kuuliza, "Umekula? Unaumwa?" na wewe ukaniambia ni ugonjwa. Ulinichonga mwaka hadi mwaka, kwa barua hata baada ya kuondoka, mpaka nikanyamaza, kisha ukasema niyashike hayo maradhi mapya kama jina la heshima. Alipofuta ile mistari ulimsifu. Ulipokuwa umenogewa na kijana wa jino la upande uliniandikia kwa mkono wako, "Usimkabili. Usimchunguze." Barua ninayo. Siisemi ili nipone. Nasema tulikuwa wawili.

Waya hakwenda kwa shangazi. Alifungasha bisibisi zake kwenye lile jora la kitambaa akaondoka, na nimesikia amepanga chumba na dada yake Jaji. Hasemi nami. Mara ya mwisho aliniambia, "Nilipokuwa siwezi kusema ulinyamaza. Nilipokuomba unyamaze ukasema." Nilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa kanuni.

Nimepata nafasi kwenye shule ya wavulana. Kengele iko karibu na dirisha langu. Muhula huu nafundisha mwanga na lenzi.

Ufunguo uko kwa fundi cherehani.

Kimya

*

15 Agosti 1993

Shikamoo Bibi,

Barua zako zote tatu zimefika, ya pole, ya hasira, na ile ya daktari wa huko anayetaka picha za jicho. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nalala sana, na baadaye kwa sababu sikutaka.

Kimya alimpa Jaji barua zenu azilete kwangu, nakala za zake na zako zenyewe, eti nina haki ya kuzisoma. Nimezisoma. Mnagombania jicho langu kama shamba la urithi. Kila mmoja ana hati zake, kila mmoja anaonyesha mpaka ulipopita.

Jicho nililificha mimi. Kimya nilimficha kwa kucheka, wewe nikakuficha kwa mwanamume wa meno. Nilikuwa naogopa kuhamishwa. Kupofuka sikukuogopa kwa sababu sikujua kwamba ndiko kulikokuwa kunanijia. Nilidhani mtu akipofuka anapofuka siku moja, kama taa. Yangu ilikuwa kivuli kidogo juu, kama ukingo wa kofia, na kila asubuhi kofia imeshuka kidogo. Nikawa najiambia ni uchovu, ni moshi wa lehemu. Niliuliza mtu mmoja tu, nikakuuliza wewe.

Sikuandiki haya ili ulie. Ulicheka kwa sababu nilikupa cha kuchekesha, najua.

Lakini nyumba hukuifunga kwa ajili yangu, Bibi. Jicho lilikuwa langu. Nyumba ulituambia ni ya sote. Nilikuwa nimekaa hospitali nimefunikwa uso, na kitu pekee nilichokuwa nakingoja ni kurudi mezani kwangu pale dirishani. Hukuniuliza. Uliandika "Waya aende kwa shangazi yake" kama baba yako alivyokupangia Ijumaa ile. Jaji sasa anavaa sare. Akinyoosha mkono kuuliza anaambiwa aushushe, na anasema anaushusha.

Mimi nafanya kazi kwa fundi redio nyuma ya soko. Duka lina upana wa mlango na nusu, juu kuna redio zilizokufa hadi darini, na fundi mwenyewe anakaa katikati yao kama mfalme wa makaburi. Siku ya kwanza alinipa redio nne akasema, "Mikono ifanye kazi, mdomo upumzike." Kulehemu kwa jicho moja ni taabu. Unadhani ncha ya chuma cha kulehemu imefika, kumbe bado iko hewani, au imekwisha kuunguza. Nimejifunza kuegemeza kidole kidogo kwenye bodi ya redio kwanza, kisha naishusha ncha kwa kufuata kidole. Vidole vimeungua vya kutosha. Wiki iliyopita sikuharibu hata moja.

Jicho la kulia ni zima. Ninakwambia mwenyewe, hajaniandikia mtu.

Kuna jambo moja nataka ulijue, halafu nimemaliza. Fundi hakuwahi kuniuliza kuhusu jicho. Wateja wanauliza, watoto wanatazama, yeye hapana. Nikampenda kwa hilo. Nikasema, huyu mzee hajawahi kusoma kanuni zetu lakini anazo, ananiheshimu kama tulivyokuwa tukiheshimiana kule. Juzi mkewe alipita kumletea chai, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Maskini, mwanangu, jicho limepatwa na nini?" Fundi akainua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Jicho gani?" akasema.

Nimekaa naye mkono kwa mkono wiki tatu nzima. Alikuwa hajaliona.

Niliendelea na kazi, nikasahau kuegemeza kidole, nikaiunguza redio ya mtu. Nilikuwa nikimfikiria Kimya. Kimya ananipenda, hilo nalijua hata nikiwa sisemi naye. Huyu mzee hanijui. Na miezi yote ile, kwangu mimi niliyekuwa nimekaa pale na kile kivuli kinashuka, kimya cha yule na kimya cha huyu visingekuwa na tofauti yoyote.

Anwani ya duka nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mjukuu wako,
Waya